Mwamuzi Hadaiwi Historia

Hotuba kwa waamuzi wapya wa besiboli waliohitimu mafunzo

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wetu, na ninyi wenzangu mnaoanza kazi hii,

Nimeombwa nizungumzie maadili ya mwamuzi. Rushwa nitaiacha kando. Anayepokea fedha ili apindishe matokeo anajua vizuri anachokifanya, na hapa hakuna anayehitaji hotuba ili alitambue hilo. Ninayetaka kumzungumzia ni mwamuzi mwadilifu, asiyenunulika, aliyesimama karibu na beisi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, wakati mpira wa mlinzi na mguu wa mkimbiaji vinafika kwa pamoja, naye hana hata sekunde nzima ya kutamka "salama", yaani mkimbiaji abaki beisini, au "auti", yaani atoke. Pale ndipo maadili yetu yanapopimwa, na mara nyingi yanapimwa sisi wenyewe tukiwa hatuna habari.

Nianze na tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit. Mrushaji wa Detroit Tigers, Armando Galarraga, alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, pasipo hata mmoja kufika beisi kwa njia yoyote. Alibakiza mmoja tu akamilishe kile tunachokiita mchezo kamili, jambo lililokuwa limetokea mara 20 tu katika historia yote ya ligi kuu ya Marekani hadi siku hiyo. Mpigaji wa 27, Jason Donald, akapiga mpira wa chini uliopita kati ya beisi ya kwanza na ya pili. Miguel Cabrera, mlinzi wa beisi ya kwanza, akaufuata mbali na beisi yake, akaudaka, akamtupia Galarraga aliyekuwa amekimbia kwenda kushika nafasi pale beisini. Mpira ukaingia kwenye glavu, mguu wa Galarraga uko juu ya beisi, Donald bado hajafika. Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono yote miwili pembeni: salama.

Ilikuwa auti. Picha za marudio zilionyesha hivyo bila ubishi, na Joyce mwenyewe alipoziona baada ya mchezo alikiri hadharani kwamba amekosea na amemnyima kijana yule mchezo kamili. Alimtafuta Galarraga, akamwomba radhi huku analia. Kesho yake, ilipokuwa zamu yake kusimama nyuma ya beisi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, aliambiwa anaweza kupumzika. Akakataa. Galarraga ndiye aliyemletea karatasi ya orodha ya wachezaji, wakapeana mikono mbele ya uwanja mzima.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha msamaha, na ni haki kisimuliwe hivyo. Ila mimi nataka mrudi nyuma, kabla ya machozi na kabla ya karatasi ile, kwenye ile nukta ambapo Joyce alikuwa hajasema neno. Alikuwa na nini mbele yake? Uwanja mzima unataka auti. Kila anayetazama televisheni, awe shabiki wa Detroit au wa timu nyingine, anataka auti. Cleveland wenyewe wako nyuma 3–0 na wamebakiwa na mpigaji mmoja. Laiti angesema auti, hata kama Donald angekuwa ametangulia kwa unywele, nani angeandamana? Mtu anayetafuta usalama wake angekuwa ameshainua ngumi kabla mpira haujatua. Joyce aliamini ameona mguu umetangulia, akasema alichoamini ameona, akijua fika kwamba dunia nzima ilitaka kusikia kinyume chake.

Kwa hiyo ninaposikia kisa cha Joyce kikifundishwa kama mfano wa uamuzi mbaya, huwa naomba tutenganishe vitu viwili. Jicho lake lilikosea. Dhamiri yake ilikuwa mahali pake. Na wachezaji walilielewa hilo kuliko wachambuzi: mwezi uleule, jarida moja la michezo lilipowauliza wachezaji wa ligi kuu ni mwamuzi gani bora, waliyemtaja ni Joyce.

Nimewasikia waamuzi, tena wazoefu ninaowaheshimu, wakisema kwamba kwa mpigaji wa 27, penye shaka mpe mrushaji. Siwezi kuwaunga mkono. Donald naye alikuwa mchezaji. Alikimbia mita 27 na ushee kwa nguvu zake zote, na kama kweli angetangulia, beisi ile ilikuwa mali yake, historia iwe imesimama pembeni au isiwe. Na ukimpa mrushaji auti ambayo hukuiona, umempa kitu gani? Mchezo kamili una heshima kwa kuwa hakuna aliyemsaidia mtu kuupata. Siku tutakapojua kwamba waamuzi huwa wanasukuma kidogo pale mwishoni, ile mingine 20 itaanza kutiliwa shaka pia. Mwamuzi anadaiwa uamuzi wa tukio moja tu, lile lililo mbele ya macho yake. Ubao wa matokeo haumdai, rekodi haimdai, na mchezaji aliyebakiza hatua moja aingie vitabuni hamdai.

Kamishna wa ligi wakati ule, Bud Selig, alikataa kuubadilisha uamuzi, na alilaumiwa sana. Najua wengi humu hamtakubaliana nami, lakini naona alifanya sawa. Kanuni za wakati ule zilisema uamuzi wa mwamuzi kuhusu salama au auti ni wa mwisho, na marudio ya video yalikuwa yanatumika kwa mipira ya homurani peke yake, ile inayopigwa hadi nje ya uwanja, tangu Agosti 2008. Kama angeubadilisha ule kwa sababu ulihusu mchezo kamili, angewajibu nini Pittsburgh mwaka mmoja baadaye? Julai 2011 walicheza na Atlanta hadi zamu ya 19, yaani zamu kumi zaidi ya zile 9 za kawaida, na mchezo ukaisha kwa mkimbiaji wa Atlanta kutangazwa salama kwenye beisi ya nyumbani na kupata pointi, ilhali marudio yalionyesha mdakaji, mlinzi wa beisi hiyo, amemgusa kwa mpira kabla hajafika. Pale hapakuwa na rekodi wala machozi ya televisheni, ila wachezaji waliochoka waliopoteza mchezo. Haki inayofuata umaarufu wa tukio siyo haki. Dawa iliyofaa ilikuwa kubadilisha kanuni kwa kila mtu, na ndivyo ilivyokuja kufanyika mwaka 2014.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu linawakuta watu wema zaidi ya wabaya. Ni kulipa fidia. Umetoa uamuzi zamu ya 3, na moyoni unahisi umekosea. Timu iliyoumia inakutazama, kocha wao ameshakwambia maneno. Zamu ya 6 linakuja tukio lingine la utata, upande uleule ulioumia, na mkono wako unaanza kuinuka kuwapendelea kabla jicho halijamaliza kutazama. Hukupanga. Wala huna nia mbaya, unatafuta kusawazisha.

Kanuni rasmi za besiboli zina sehemu ya maelekezo ya jumla kwa waamuzi, na sehemu ile haizunguki. Inamwambia mwamuzi kwamba bila shaka atakosea, lakini asijaribu kamwe kusawazisha baada ya kukosea. Aamue kila tukio kama alivyoliona, na asahau timu ipi ni mwenyeji na ipi ni mgeni. Nawasihi msome sehemu hiyo leo usiku, hata kama mmeshaisoma. Mwenye duka aliyempunja mteja wa asubuhi kwenye mizani hawezi kujitakasa kwa kumjazia mteja wa jioni. Wa asubuhi bado ameibiwa, na sasa mizani yenyewe imeharibika mara mbili. Aliyetoka nje kwa haki zamu ya 6 ni mtu mwingine kabisa. Mrushaji aliyekuwa anamkabili ni mwingine. Hawakuhusika na kosa lako la zamu ya 3, na hawawezi kulilipia.

Ugumu ni kwamba fidia haiji ikiwa na jina lake. Inakuja ikiwa imevaa nguo ya huruma, au ya "kulinda mchezo usichafuke". Njia ninayoijua ya kupambana nayo ni kazi ya mwili zaidi ya kazi ya moyo: rudi kwenye hatua zako. Angalia miguu yako iko wapi, angalia pembe yako, tafuta beisi kwa macho. Mtu aliyeshughulika kuangalia vizuri anakosa nafasi ya kukumbuka deni.

Na hapa naomba tukae kidogo, maana nadhani tunatenganisha vibaya ufundi na maadili. Tunafundisha mahali pa kusimama siku ya Jumatatu, na uadilifu siku ya Ijumaa, kana kwamba ni masomo mawili.

Tazameni tarehe 26 Oktoba 1985, mchezo wa 6 wa World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani ambayo bingwa wake ni anayeshinda michezo 4. St. Louis Cardinals wanaongoza michezo 3 kwa 2, wako mbele 1–0, nusu ya pili ya zamu ya 9, ambayo ni ya mwisho, wamebakiza kuwatoa watu watatu tu wawe mabingwa. Jorge Orta wa Kansas City Royals anapiga mpira dhaifu kuelekea beisi ya kwanza. Jack Clark anauokota na kumrushia mrushaji wake, Todd Worrell, aliyekimbia kufunika beisi. Mwamuzi Don Denkinger anasema salama. Orta alikuwa auti, kwa nafasi iliyoonekana wazi. Royals wakafunga mara mbili zamu ileile, wakashinda 2–1, na kesho yake wakachukua ubingwa kwa 11–0. Denkinger ndiye aliyekuwa nyuma ya beisi ya nyumbani katika mchezo huo wa mwisho. Aliandamwa kwa vitisho vya kuuawa kwa muda mrefu baadaye, jambo ambalo hakuna kosa la uwanjani linaloweza kulihalalisha.

Maelezo yake kuhusu kilichotokea yana somo zima ndani yake. Worrell ni mrefu, na mpira aliudaka juu. Denkinger alikuwa karibu mno kuweza kuiona glavu na mguu kwa mtazamo mmoja. Ulikuwa mpira wa kutupwa polepole, na kelele za uwanja zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuusikia ukitua.

Mmefundishwa: macho kwenye beisi, masikio kwenye glavu. Unautazama mguu wa mkimbiaji ukigusa, unasikiliza mpira ukipiga ngozi, na kinachotangulia ndicho kinachoamua. Ni njia nzuri, lakini tambueni inavyofanya kazi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 5 kutoka beisi, sauti ya glavu inakufikia imechelewa kama sehemu 15 za elfu moja za sekunde, wakati picha ya mguu imeshafika. Mkimbiaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde anapita sentimita 12 katika muda huo. Kwa maneno mengine, kila siku sikio lako linamwonea mlinzi na kumbeba mkimbiaji kwa upana wa kiganja, na kadiri unavyosimama mbali ndivyo linavyombeba zaidi. Ukisogea karibu ili uondoe hilo, unaangukia shimo la Denkinger: huoni juu na chini kwa pamoja. Na uwanja ukipiga kelele, sikio halipo kabisa.

Mwamuzi anayeyajua haya na bado anasimama popote miguu ilipomfikisha, kwa sababu jua ni kali na zamu ni ya 8, tayari ameshawakosea wachezaji, hata akibahatisha jibu. Maelekezo yale niliyoyataja yanaliita hili kanuni iliyo muhimu kuliko nyingi: uwe mahali ambapo unaweza kuliona kila tukio. Yanaongeza kwamba hata uamuzi ulio sahihi kabisa utatiliwa shaka na wachezaji wakihisi hukuwa mahali pa kuona. Nao wana haki ya kuhisi hivyo. Wamekimbia. Wewe je?

Halafu kuna kusubiri. Haraka ya mkono ndiyo inayoharibu zaidi ya upofu wa macho. Mpira umetua, mguu umefika, akili imeshasema auti, mkono umepanda, kisha mpira unadondoka kutoka kwenye glavu. Subiri uone mlinzi ameushika mpira na ameumiliki. Acha tukio liishe, lipitishe tena kichwani, ndipo useme. Nusu sekunde hiyo inatisha, kwa sababu uwanja mzima unakutazama na ukimya wako unaonekana kama woga. Vumilia. Wachezaji wametumia miaka kujifunza mchezo huu. Nusu sekunde ya umakini wako wanaistahili.

Kuna usemi wa mitaani kwamba wakifika sawa, mkimbiaji ameshinda. Kanuni haina sentensi hiyo. Inachosema ni kwamba mpigaji ametoka pale yeye au beisi ya kwanza inapoguswa kwa mpira kabla yeye hajaigusa. Kama hukuona mpira ukitangulia, basi hukuona auti. Sawa. Lakini nawaonya msiufanye usawa kuwa maficho. Anayesema "walifika pamoja" mara tano katika mchezo mmoja hajaona usawa mara tano, ameacha kutazama.

Sasa, mazoea. Kwa miaka mingi katika ligi kuu, mlinzi wa beisi ya pili aliyekuwa akigeuza mpira kutoa watu wawili hakulazimika kuigusa beisi sawasawa. Akipita karibu nayo kwa wakati, mwamuzi alimpa auti, kwa sababu kumlazimisha akanyage pale kulimweka mbele ya mkimbiaji anayekuja kumchota miguu. Kila mtu alijua. Je, mwamuzi yule alikuwa anadanganya? Kanuni ilisema kitu kimoja, naye aliamua kingine, ila alifanya hivyo kwa pande zote, kila siku, na kwa ajili ya mifupa ya watu. Kwa muda mrefu niliona hilo linakubalika, na bado siwezi kuwahukumu waliolifanya.

Kisha ikaja Oktoba 2015, Los Angeles Dodgers na New York Mets katika hatua ya mtoano. Chase Utley aliteleza kumwelekea Ruben Tejada pale beisi ya pili, akamvunja mguu. Mwamuzi alisema Utley auti. Marudio yakaonyesha Tejada hakuigusa beisi, uamuzi ukageuzwa, Utley akawa salama, ingawa yeye mwenyewe hakuigusa beisi ile. Aliyevunjika akabebwa nje, aliyemvunja akapewa beisi. Mwaka 2016 ligi ikafanya mambo mawili kwa pamoja: ikaweka kanuni inayomtaka mkimbiaji ateleze kwa nia ya kweli ya kuifikia beisi, na ikaruhusu mguso wa mlinzi ukaguliwe kwa video kama mguso mwingine wowote. Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa mazoea yale. Yalimlinda mlinzi kwa hisani ya mwamuzi, na hisani inaweza kukosekana siku anayoihitaji zaidi. Kama kanuni inaumiza watu, tuipigie kelele ibadilishwe mbele ya wote. Tusiirekebishe kimyakimya kwa mikono yetu pale uwanjani.

Kuhusu video sina mengi. Tangu 2014 kocha anaweza kupinga uamuzi, na waamuzi walioko New York wanautazama upya. Kuanzia msimu wa 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji ameruhusiwa kupinga hata straiki, yaani uamuzi kama mpira uliorushwa ulipita kwenye eneo la kupigwa, na mitambo ndiyo inayojibu. Nafurahi. Joyce angefurahi pia. Kishawishi chake ni kimoja: kutamka chochote na kuwaachia wenye video wasahihishe. Lakini uamuzi wa uwanjani haugeuzwi ila kwa ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha. Picha zikiwa na utata, neno lako linabaki. Kwa hiyo ukibahatisha, bahati nasibu yako ndiyo sheria. Tena karibu ninyi nyote mtafanya kazi kwenye viwanja visivyo na kamera hata moja, mkiwaamulia watoto wa miaka 12 ambao hawana pa kukata rufaa. Wao ndio wanaohitaji mwamuzi bora kuliko wote, na ndio tunaowapelekea aliyechoka.

Pale ambapo huna video, una mwenzako. Kama una uhakika, usiyumbishwe na mchezaji anayepiga kelele "muulize yule mwingine". Kama huna, nenda ukamuulize, mbele ya watu, bila haya. Maelekezo yanasema heshima ya mwamuzi ni muhimu, lakini kamwe haiwi muhimu kama kuwa sahihi. Na wewe unayeulizwa: sema ulichokiona, na kama hukuona, sema hukuona. Kumkingia mwenzako kifua kwa uongo si urafiki kwa mtu yeyote.

Limebaki moja ambalo sijalimaliza, nami nitawaachia mlijadili. Mkimbiaji anateleza, anafika beisi mapema kabisa, lakini kwa kishindo cha kuteleza mwili unaruka juu ya beisi kwa upana wa uzi, na mlinzi bado amemshikia glavu yenye mpira mgongoni. Jicho haliwezi kuona. Video iliyopunguzwa mwendo inaona. Kwa kanuni ni auti. Wengi wanasema hili linausaliti mchezo, kwamba hakuna aliyewahi kuchukuliwa auti hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Mimi nasema ukiliona, liite auti, na usipoliona usilibuni. Kama ligi inaona halifai, iandike kanuni upya. Wakufunzi wawili walioko mbele hapa wanapinga, na hoja zao si nyepesi. Ndugu mwenyekiti, naomba wao ndio waanze.